Michezo ya kumfundisha mtoto mashine yake ya kusikia, iliyofanya kazi kwetu

Dada umeuliza gemu za kumsaidia mwanao wa miaka sita aielewe mashine yake ya kusikia, maana kila saa anaivua na kuificha. Binti yangu anavaa mashine masikio yote mawili tangu mdogo, na gemu za simu tumejaribu sana tu. Nyingi zinamzoesha kusikiliza, sijui mbwa huyo kalia, bonyeza picha, si mbaya, ila tulizopata sisi hakuna iliyomwelezea hicho kidude kilichokaa nyuma ya sikio ni nini na kinafanyaje kazi. Na hapo ndo penye shida, mtoto asiyeijua mashine yake ikizima hasemi, anatulia tu, nyie mnaona kawa jeuri.

Kilichotusaidia kuliko vyote ni mchezo wa fundi. Yeye fundi, mimi mteja msumbufu. Namletea mashine nikiwa nimeshaichezea, leo nimeweka betri iliyokufa, kesho kamrija nimekakunja, siku nyingine nimepachika moldi, kile kipande kinachoingia sikioni, ya kulia kwenye mashine ya kushoto (alama nyekundu ni kulia, bluu kushoto, hilo alilishika faster kuliko mimi). Kazi yake atafute ugonjwa. Anaiwasha, anaifumbata kwenye kiganja, ikipiga mluzi basi iko hai, kwa sababu sauti inayotoka inarudi kwenye maiki, inakuzwa tena, inazunguka hivyohivyo. Akishaelewa hilo anaelewa pia kwa nini inapiga mluzi sikioni, moldi imelegea au haijakaa vizuri, na sikio linakua moldi haikui. Siku moja kanirudishia mashine kakunja uso kabisa, "mteja, betri imekufa, na mwambie mtoto wako asiwe analala nayo".

Kama zenu ni za betri zile za kubandua stika, stika nayo ni mchezo. Betri inahitaji hewa ndo ifanye kazi, so mnabandua, mnaiacha wazi mnahesabu hadi sitini, ndo mnaiweka. Ukishabandua hata ukirudisha stika haisaidii, inaendelea kuisha taratibu. Ila betri ushike wewe, na mlango wake uwe na loki, mtoto akimeza ni hospitali hapohapo, usisubiri uone.

Asubuhi tunacheza sauti sita za kupima kama anasikia vizuri, zinaitwa za Ling: a, i, u, m, sh, s. Nakaa nyuma yake asione mdomo, akisikia anadondosha shanga kwenye kikombe na kuirudia ile sauti. Usizitoe kwa mpangilio uleule, na kaa kimya kidogo katikati, la sivyo atakuwa anabahatisha. Kama siku zote anaidaka "s" na leo kaikosa, angalia mashine, nta ya sikio, au mafua, kabla hujamgombeza. Halafu mnabadilishana, anapenda sana kunikamata mimi.

Ila mchezo ambao naona wazazi wengi hawaufanyi ni wa umbali. Anasimama, mimi narudi nyuma hatua kwa hatua nikitaja maneno kwa sauti ya kawaida, akianza kukosea tunachora mstari chini kwa chaki. Tunafungua redio, tunarudia, mstari unasogea karibu, yeye mwenyewe anashangaa. Hapo ndo anaona kwa macho yake kwamba mashine inakuza sauti lakini haimpi masikio mapya, maiki inabeba na kelele pia. Baada ya hapo binti yangu akawa anamwambia mwalimu mwenyewe anataka kukaa mbele, mbali na feni, mimi sikumtuma.

Kumtengenezea mdoli mashine ya udongo wa kuchezea pia fresh, hasa kwa anayeona aibu, haina maelezo mengi.

Sasa huyo wako anayeficha, kabla ya michezo yote mpeleke kwa mtaalamu wa usikivu waangalie moldi haimchubui na sauti haijawekwa juu sana, mtoto anayeumia hata umchezeshe vipi ataivua tu. Na nikuulize, anaivua penye kelele au hata kukiwa kimya? Maana kama ni penye kelele tu ningeanza na ule wa chaki, kama ni muda wote ningeanza na wa fundi.