Jani Lililoliwa Usilitupe

Wadogo zangu mnaoanza kupasua mawe kutafuta visukuku, yaani mabaki ya kale ya mimea yaliyohifadhiwa ndani ya mawe, nimekuta tena majani yaliyotobolewa na wadudu yamewekwa kando pamoja na vipande vya kutupwa. Nimeumia. Sikilizeni.

1. Jiwe likipasuka, visukuku viko pande zote mbili. Zihifadhi zote, zipe namba ileile.

2. Msiandike "limefumba usiku" kwenye lebo kwa kuwa tu jani limejikunja. Jani hujikunja likinyauka, likikauka, hata likisombwa na maji kabla ya tope kulifunika. Shahidi wa usingizi, yaani wa mmea kufumba majani usiku, ni lile jani lililoliwa mnalolitupa. Mwaka 2023 mtafiti wa visukuku Feng Zhuo na wenzake walichapisha uchunguzi wa majani ya Gigantonoclea, mmea wa kale uliokwisha kutoweka, kutoka kusini-magharibi mwa China, ya mwishoni mwa kipindi cha Permiani, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Matundu yake yako mawili mawili: hili kushoto mwa mshipa wa kati, lile kulia, umbali uleule, umbo lilelile. Mdudu alikula jani likiwa limefumba, akatoboa pande mbili kwa mpigo mmoja. Jani lilipofumbuka, tundu likawa mawili. Mimea ya leo inayofumba usiku ina matundu ya jozi vivyo hivyo. Yaani mimea ilikuwa inalala kabla dinosaria hawajatokea, na habari hiyo tumeipata kwenye majani yaliyoliwa! Ila tulieni: jani changa nalo hukunjwa kabla ya kuchanua, kwa hiyo jozi moja haitoshi. Tafuteni majani mengi, yaliyokomaa.

3. Lenzi mkononi, tazama ukingo wa tundu. Ukiwa mnene na mweusi, mmea ulikuwa hai ukaziba kidonda. Usipouona, huenda jani lililiwa likiwa limeshaanguka.

4. Kwetu, Mahenge ya Singida imetoa majani ya jamii ya kunde ya takriban miaka milioni 46, ikiwemo Acacia mahengensis iliyopewa jina mwaka 2000. Kama yalilala, sidai. Lakini mkwaju na kifauongo ni wa jamii hiyo, na jioni hufumba mbele ya macho yako. Atakayechunguza majani ya namna hii asing'ang'anie mshipa wa kati: vijani vyake, yaani vile vijisehemu vidogo vinavyounda jani moja, hukutana kimoja kwa kimoja, kwa hiyo jozi ya matundu itafutwe kwenye vijani viwili vinavyotazamana.