Muulize Mwalimu: Nyimbo 14 na tarumbeta la harusi

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 23, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Tarumbeta nilijifunzia kwenye bendi ya kanisani, sasa napuliza na kikundi cha matarumbeta, harusi na sendofu, Jumamosi nyingine tunapiga tatu kwa siku moja. Nimetunga nyimbo 14 nizitoe kama albamu yangu ya kwanza, jazi iliyochanganywa na fanki. Baba amesikiliza mbili kwenye simu akasema hiyo siyo jazi, jazi ni Morogoro Jazz. Prodyuza anataka nimpelekee sauti ya tarumbeta tu, biti atatengeneza yeye kwenye kompyuta. Nimsikilize nani?*
Mpulizaji, Nkuhungu

Marahaba, mwanangu. Baba tutamrudia. Huyo prodyuza ndiye aliyenikosesha usingizi.

Fanki haikai kwenye tarumbeta. Inakaa kati ya besi na dramu. James Brown na vijana wake, kati ya 1965 na 1967, walihamishia uzito wote kwenye pigo la kwanza, na vyombo vyote, hadi gitaa, vikaanza kupigwa kama ngoma. Pigo la kwanza likishatua, kilichobaki ni kuviziana: besi anaacha kinafasi, dramu anakiziba, gitaa anakwaruza pembeni, wewe unasubiri hadi watu waanze kujiuliza umekwenda wapi. Biti ya kompyuta haimvizii mtu. Ukichelewa kidogo kwa makusudi, yenyewe imeshaondoka kama basi la Kondoa.

Haya nayasema kwa kuwa yamenikuta. Miaka ile niliilipa studio moja hapa mjini nirekodi nyimbo mbili kwa mtindo huo huo: biti tayari, mimi kwenye kachumba na spika za masikioni. Nilipofika nyumbani nikasikiliza. Nilikuwa kama mtu anayeongea na simu katikati ya msiba. Wiki mbili baadaye kompyuta yao ikafa na nyimbo zangu ndani, hela hazikurudi. Nyimbo sizililii, hela ndiyo nazililia.

Kwa hiyo tafuta besi, dramu na gitaa. Fanyeni mazoezi mwezi mzima, halafu ingieni chumba kimoja mrekodi kwa pamoja. Kama hela ni ya siku moja, chukua siku moja ya watu wanne, siyo siku nne za mtu mmoja. Na kabla ya zoezi la kwanza, mkatalie besi ufunguo wa E. Ataupenda kwa kuwa ndio uzi wake mzito, anaupiga bila hata kuubana. Lakini tarumbeta lako ni la B bemoli: E yake kwako ni F yenye dizi (alama ya kupandisha noti nusu-sauti), dizi sita kwenye mstari, na kwenye fanki ya haraka vidole vitafungana. Mwombe F, au B bemoli, au E bemoli. Mwombe mapema, akishazoea hatakubali.

Nyimbo 14 ni nyingi mno. Mpuliza tarumbeta Freddie Hubbard alipoingia studio Januari 1970 kurekodi *Red Clay*, tarumbeta la jazi juu ya mdundo wenye nyama, alitoka na nyimbo nne kwenye santuri. Nne! Kwenye dramu alikuwa Lenny White, kijana wa miaka 20. *Head Hunters* ya mpiga kinanda Herbie Hancock, mwaka 1973, nayo ina nne. Nyimbo zilikuwa ndefu kwa sababu watu walikuwa wanazungumza humo ndani, na mazungumzo mazuri hayaishi kwa dakika tatu. Chagua sita. Nane zilizobaki usizitupe, ziweke kabatini.

Wala usiwe na haraka ya kumwonyesha kila mtu kwamba unaweza kila kitu. Mpuliza tarumbeta Roy Hargrove alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1990 akiwa na miaka 20, jazi ya kawaida iliyonyooka. Fanki aliileta wazi mwaka 2003, kwenye *Hard Groove*, akiwa na kundi zima la watu waliokulia kwenye mdundo huo. Sisemi nawe usubiri miaka 13. Yeye alitokea kwenye jazi akaifuata fanki; wewe umetokea harusini, umeshajua kuwainua watu waliokwisha kushiba pilau. Hiyo ni nusu ya fanki tayari. Unachokosa ni ile subira ya jazi.

Sasa lile lililonifanya niache barua nyingine zote nijibu yako. Chukua tarumbeta, usibonyeze kitu. Panda kwa mdomo tu: do, so, do, mi, so. Endelea kukaza. Kabla hujaifikia do inayofuata kuna sauti inakatiza njiani, iko chini ya si bemoli ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu-sauti. Mimi nilipokuwa najifunza, kila nilipoigusa mwalimu wangu alinigonga bega kwa rula: "Mbovu hiyo, iruke." Nikairuka miaka na miaka, harusini, kanisani, kila mahali.

Halafu Jumapili moja nikaalikwa kijijini, upande wa Mvumi. Kina mama wamebana magoma ya muheme, ile ngoma ya Wagogo, mapajani, wanaimba kwa sauti mbili tatu zilizopandana, na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki na soda yangu ya moto. Nikaisikia. Ile ile. Wala hawakuwa wanaipitia kwa bahati mbaya, walikuwa wanatua juu yake na kukaa. Nilivyorudi mjini sikuvua hata viatu, nikatoa tarumbeta kwenye boksi nikaipuliza hadi jirani akagonga ukuta.

Baadaye ndipo nikajua wataalamu walishaliona. Gerhard Kubik, aliyeuchunguza muziki wa Wagogo, ameeleza kuwa ngazi yao ya sauti imejengwa juu ya zile sauti za asili zinazopandana juu ya noti moja ya chini, kuanzia ya nne hadi ya tisa au ya kumi. Do, mi, so, ile "mbovu" ya saba, do, re. Ni zile zile zinazotoka kwenye tarumbeta lisilobonyezwa! Sikiliza ilimba, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ya marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, utaikuta. Na jirani yake kabisa ndipo inapoinama sauti ya bluzi, ambayo jazi na fanki zote mbili zinaishi kwayo. Umekaa Nkuhungu unaitafuta Marekani kwenye simu, na mdomo wako umeshaipita mara elfu.

Basi kwenye zile sita, mmoja uujenge hapo. Besi aende na noti mbili tu. Kinanda kikae nje, kwa sababu kitagombana nawe kila utakapoigusa hiyo saba. Gitaa ana uzi wa kuvuta, atakufuata. Ila usinifanyie ule mchezo wa kubandika ngoma ya muheme sekunde kumi mwanzoni halafu wimbo unaendelea kama hakuna kilichotokea. Huko ni kuweka kibuyu sebuleni kwa ajili ya wageni.

Baba sasa. Hajakosea, anazungumzia kitu kingine. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz: hao wote walipiga dansi, na mizizi yake mingi ni rumba ya Cuba na Kongo. Enzi hizo "Jazz" kwenye jina la bendi lilimaanisha ya kisasa, ya magitaa na matarumbeta. Mpigie nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, zungumzeni kuhusu zile gitaa, mtaelewana vizuri kuliko mkibishania jina. Halafu mkumbushe kwamba Patrick Balisidya, Mgogo wetu, na Afro 70 yake hakuogopa kuchanganya. Kama ni mtu wa kanisa sana, mwambie na hili: Hugh Masekela, mpuliza tarumbeta wa Afrika Kusini, alipewa tarumbeta lake la kwanza na padri, Trevor Huddleston, huko Johannesburg. Padri huyo huyo mwaka 1960 akaja kuwa askofu wetu Masasi.

Mawili ya mwisho na nikuache. Kubalianeni mgawo kwa maandishi kabla ya kurekodi, na kazi ziandikishwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hazijatoka; urafiki wa bendi huishia pale hela inapoanzia. Na upepo wa Julai na Agosti hapa kwetu unajaza vumbi kwenye vibonyezo. Ogesha tarumbeta lako kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kila wiki mbili, utie mafuta yake yenyewe. Siyo mafuta ya kula. Niliwahi kutia alizeti, kibonyezo cha pili kikaganda katikati ya wimbo, bibi harusi akiwa mlangoni.

*Habari za kazi Mwalimu. Nina mpangaji anapuliza tarumbeta kila siku saa tatu usiku. Ni kijana mzuri, kodi analipa, sitaki kumfukuza. Nifanyeje?*
Mama mwenye nyumba, Chang'ombe

Salama, mama. Pole, na asante kwa moyo huo, mimi nilihamishwa nyumba mbili.

Mwambie afungue kabati la nguo, aingize mdomo mpana wa tarumbeta, unakotokea sauti, katikati ya makoti na mashuka, apulizie humo. Nguo zinanyonya sauti vizuri sana. Akiwa na uwezo anunue kizibo cha mazoezi, kinachomezwa na mdomo wa tarumbeta. Ukiwa chumba cha pili utasikia kama nyuki kwenye chupa. Noti ndefu za polepole azipige alfajiri, hizo hata watoto hawaamki, na zile za juu zinazokata masikio azipeleke saa kumi jioni wakati mashine ya kusaga ya jirani inanguruma. Saa tatu usiku ibaki ya kabatini. Kama hana kabati, muuzie lile lako la zamani kwa awamu.