Nyumba Mliyojenga, Kiwanja cha Ukoo

Salim mwanangu,

Unauliza kama baada ya talaka unaweza kudai nusu ya nyumba mliyojenga kule Payakumbuh, Sumatra Magharibi nchini Indonesia, kwenye kiwanja cha kina mkeo. Nakujibu kama baba, na kama mtu aliyezeekea kwenye ukarani wa mahakama: kiwanja usikitaje hata kwa utani.

Kwa Waminangkabau, watu wa kabila la mkeo, ardhi ya ukoo, hiyo wanayoiita pusako, hushuka kwa mama kwenda kwa binti, na msimamizi wake ni mjomba. Mkeo analima mpunga pale, analala pale, lakini si mali yake kuuza wala kugawa. Hata akikuonea huruma akataka kukumegea kipande, hana uwezo huo. Ukidai ardhi utakuwa hugombani na mke tena, utakuwa umeuchokoza ukoo mzima, wazima na waliozikwa.

Kwa vilivyobaki, mila yao haina mafumbo. Alichokuja nacho mume huondoka nacho, alichokutwa nacho mke hubaki kwake, na walichochuma pamoja, suarang, hugawanywa. Pikipiki uliinunua kabla ya ndoa, ichukue. Mgahawa ni wenu wote wawili. Kwa mujibu wa Mkusanyiko wa Sheria za Kiislamu wa Indonesia wa mwaka 1991, kila mmoja hupata nusu ya mali ya pamoja, isipokuwa kama mkataba wa ndoa ulisema vingine. Na usiende na ile hoja yako kwamba "yeye alikuwa nyumbani tu." Hata hapa kwetu Tanzania ilishapigwa chini mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilipoamua katika kesi ya Bi Hawa Mohamed kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango.

Sasa nyumba. Matofali na mabati ni jasho lenu, ila yamekaa juu ya ardhi ya watu na huwezi kuyabeba mgongoni. Omba jengo lenyewe lithaminiwe, bila kiwanja, halafu fungu lako lilipwe kwa fedha au mlifidie kwenye mgahawa. Ningekuwa mimi ningeliacha. Mjukuu wangu ni wa ukoo wa mama yake, na atakayelala ndani ya nyumba ile kesho ni yeye. Lakini madeni yako nayajua, sikulazimishi. Matunzo ya mtoto hayo hayana mjadala, ni juu yako.

Kabla hujakanyaga Mahakama ya Dini, ile inayosikiliza kesi za ndoa za Waislamu kule, nenda kwa mjomba wa mkeo, na usiende peke yako, tafuta mtu mzima wa kule anayeheshimika akusemee. Beba risiti za saruji na mabati. Zile zilizoloa mvua hazisomeki, kwa hiyo mtafute fundi aliyeezeka, akuandikie kwa mkono wake alilipwa kiasi gani na nani alimlipa.

Baba yako