Nilianza kwa kuchora kiti

Kwa wiki tatu nilichora kitu kimoja tu: mgongo wa kiti cha basi. Ni kile kiti kilichokuwa mbele yangu usiku ule, nilichokikamata kwa mikono miwili dereva alipopiga ukelele. Kitambaa chake kilikuwa cha bluu, kimechanika kwenye kona ya juu, na sponji ya njano inachungulia. Mtu angefungua daftari langu siku zile angedhani najifunza useremala.

Mimi si msanii. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninapomweleza mtu kwamba kuchora na kuandika kulinisaidia na kiwewe, ile hofu iliyonibakia baada ya ajali ya basi, jibu la kwanza ni lile lile: "Aa, wewe una kipaji bwana." Kipaji sina. Viti vyangu vilikuwa vimepinda kama vimekalishwa juani. Na kipaji hakihitajiki. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani, akiwemo Girija Kaimal, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kuchezea udongo, kalamu za rangi na karatasi za kukata na kubandika, wakawapima mate kabla na baada. Kwa karibu asilimia 75 yao, homoni ya kotisoli, ile inayopanda mtu akiwa na msongo, ilikuwa imeshuka. Waliowahi kushika brashi na wasiowahi walinufaika. Hao hawakuwa wagonjwa wa kiwewe, kwa hiyo siutumii utafiti huu kudai kwamba rangi ni dawa. Nautumia kumfunga mdomo yule wa "una kipaji".

Ajali ilinivunja mkono, na mkono ukaunga. Kilichobaki hakikuonekana kwenye eksirei. Mlango ukibamizwa, mimi ni wa kwanza kuruka. Nililala taa ikiwaka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ung'ongo wangu mimi ulikuwa harufu ya dizeli. Wahenga waliijua hali hii zamani sana kabla ya 1980, mwaka ambao madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza rasmi kwenye mwongozo wao wa maradhi.

Watu waliniambia, "Ongea, utoe yaliyo moyoni." Walikuwa na nia njema kabisa. Lakini kila nikifungua mdomo nilikuta hakuna hadithi ya kusimulia. Nilikuwa na vipande tu: taa inayozunguka, mlio wa bati, kiatu cha mtoto kisicho na mwenyewe. Niliona aibu, nikadhani nimekuwa mjinga. Baadaye nilisoma kuhusu mtafiti wa ubongo Scott Rauch na wenzake, ambao mwaka 1996 walichapisha matokeo ya kupiga picha ubongo wa kikundi kidogo cha watu wenye kiwewe huku wakisikilizishwa maelezo ya yaliyowapata. Eneo la Broca, ambalo ubongo hulitumia kutoa maneno, lilipoa. Sehemu za hofu na za kuona zilichangamka. Ni utafiti mdogo, sitaki kuubebesha mzigo usioumudu, ila siku niliyousoma niliacha kujiita mjinga.

Sasa kosa langu, maana ndilo hasa lililonifanya niandike makala hii. Nilikuwa nimesikia kwamba kuandika kunaponya. Nikanunua daftari, nikajifungia, nikaandika ajali yote tangu kupanda basi hadi kuamka wodini. Nilianza saa tatu usiku, nikaweka kalamu chini alfajiri. Nilitarajia kujisikia mwepesi. Badala yake nilikaa siku nne sili vizuri, majinamizi yakarudi kwa zamu mbili, usiku na mchana. Nikaapa sitashika kalamu tena.

Nisichokijua ni kwamba hao waliochunguza uandishi wa aina hii walikuwa na vipimo. Watafiti wa saikolojia James Pennebaker na Sandra Beall, katika utafiti wao wa 1986, waliwataka wanafunzi wa chuo waandike dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, basi. Walioandika matukio mazito pamoja na hisia zao walitoka chumbani wakiwa na huzuni zaidi kuliko walivyoingia. Faida ilionekana miezi ya baadaye, walipokwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya juujuu. Hilo la huzuni huwa halitajwi na wanaoipigia debe tiba hii, na ndilo mtu anatakiwa ajue mapema. Pennebaker mwenyewe huwaambia watu: ukihisi jambo fulani litakuzidi nguvu ukiliandika, liache, andika jingine. Mimi nililichukua jambo zima, nikalibeba usiku mmoja, peke yangu.

Aliyenirudisha ni mshauri nasaha, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Nilimwambia wazi kwamba kuandika nimeshindwa na kuongea nimeshindwa. Akasukuma karatasi na penseli mezani.

"Leo hatuendi kwenye ajali, mwanangu. Nichoree kitu kimoja tu kilichokuwa karibu yako."

"Kiti, mama?"

"Kiti kinatosha sana."

Ndivyo nilivyoanza kwa pembeni. Na kama kuna neno moja ningependa ulichukue hapa, ni hilo: pembeni. Usilivamie tukio lenyewe. Chora dirisha, andika kuhusu shati ulilovaa, finyanga umbo la kikombe kilichokuwa mezani. Kitu kidogo kisicho na hatia. Mchoraji Frida Kahlo alivunjika vibaya kwenye ajali ya basi na tramu huko Mexico mwaka 1925, akaanza kupaka rangi akiwa kitandani, kioo kimefungwa juu yake. Ajali yenyewe aliigusa kwa nadra sana. Kuna mchoro wa penseli wa 1926. Alichokichora miaka nenda miaka rudi ni uso wake.

Kiti changu nilikichora kila siku, dakika ishirini kwa saa ya simu. Siku moja, nadhani ilikuwa wiki ya tatu, nilikuwa nakoleza pale kitambaa kilipochanika, penseli ikateleza. Mstari ukatoka kama kidole. Nikautazama. Nikakimalizia kile kidole, nikachora cha pili, nikaendelea mpaka vikatimia kumi, vyote vimeng'ang'ania ule mgongo wa kiti.

Hapo lazima niwaambie kitu. Abiria niliyekaa naye alifariki. Alikuwa amelala, kichwa kimeniegemea begani. Miezi yote ile nilikuwa nikijihukumu kwa nini sikumwamsha, kwa nini sikumshika. Hukumu hiyo sikuwahi kuitamka kwa mtu, hata kwa yule mama. Sasa nilikuwa na karatasi mbele yangu, na mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye kiti. Gari linapopinduka, huko ndiko mikono ya mtu hukimbilia. Hapakuwa na mkono wa tatu wa kumshika.

Nililia mpaka karatasi ikajikunja. Ila kilio kile hakikuwa cha siku zote. Wiki iliyofuata nilimsimulia mama yule habari nzima, kwa mpangilio, mwanzo hadi mwisho. Ilichukua kama dakika kumi. Maneno yalikuwepo.

Sisemi kila mtu atakutana na vidole vyake. Wengine husaidiwa na kuimba, wengine na kufuma, wengine kucheza ngoma. Mwili unaokumbuka hofu hupenda kupewa kazi. Mimi udongo ulinishinda, unanichafua na kuniudhi. Jaribu, ukichukia acha.

Ila uweke mpaka. Mimi sichori usiku, baada ya kile kisa cha alfajiri. Saa ikilia naacha hata kama mstari haujafika, nafunga daftari, nanawa mikono kwa maji ya baridi, natoka nje ya chumba. Kunawa kunaonekana jambo la kipuuzi lakini ndiko kunakonionyesha kwamba sasa ni leo na mimi niko hapa. Ukiona unaposhika kalamu unapotea, unasikia mwili si wako, au fikra za kujidhuru zinakuja, weka kalamu chini na umtafute mtaalamu siku hiyo hiyo, usingoje. Mimi ushauri nasaha sikuuacha. Daftari lilikuwa msaidizi wake. Na kama lililokupata ni la juzi tu, bado damu haijakauka, usijilazimishe kulichimba. Lala, kula, kaa na watu wako.

Jambo jingine nililijifunza kwa gharama. Nilipopata nafuu, rafiki yangu alisoma shairi nililoandika kuhusu yule abiria, akanisihi niliweke mtandaoni. Nikaliweka. Sifa zikamiminika: "umetisha", "kalamu yako ina moto". Wiki iliyofuata nikakaa kuandika jingine, nikajikuta nahesabu mizani na kusaka vina kwa ajili ya mtu aliyekufa begani kwangu. Niliona kichefuchefu. Sikuandika kwa miezi miwili. Ukitaka kuonyesha kazi zako, onyesha, hakuna dhambi. Lakini uwe na daftari moja ambalo hakuna jicho jingine litakaloliona, lenye ruhusa ya kuwa baya, lenye makosa ya tahajia na viti vilivyopinda.

Huwa naulizwa, daftari hizo nizifanyeje? Lile la usiku mmoja nililichana vipande vidogo, nikavitupa, na sijalikumbuka kwa hamu hata siku moja. La viti lipo juu ya kabati, ndani ya begi la zamani. Kurasa zake za mwisho hazina kiti: kuna dirisha, kuna kona ya meza, kuna mguu wangu umevaa soksi. Sijalifungua mwaka wa pili sasa, na wala halinidai.