Baba ni Mwislamu, sisi watoto ni Walokole: tumuuguze vipi siku zake za mwisho?

SWALI: Baba yetu ana saratani ya ini, na amerudishwa nyumbani Ujiji baada ya kuambiwa haponi tena. Yeye ni Mwislamu. Mimi na kaka tulilelewa na mama, ni Walokole. Shangazi anataka tumnyweshe maji ya zamzam ya kutoka Makka, na mofini, ile dawa kali ya maumivu, haitaki: anasema itamzuia baba kutamka shahada. Kaka naye anataka kumleta mchungaji. Ninayekesha naye ni mimi. Nifanye nini?

JIBU: Pole kwa kuuguza, dada. Anza na baba mwenyewe, na iwe leo, maana fahamu zikimpotea hamtapata wa kumuuliza. Muulize akizidiwa angependa nani awe karibu yake na asomewe nini. Shangazi na kaka wawepo wasikie kwa masikio yao.

Hofu ya shangazi kuhusu mofini si ya kupuuzwa. Siku mbili tatu za mwanzo dawa hii huleta usingizi, kisha wengi huchangamka. Lakini mtu anayegugumia kwa maumivu hata Bismillahi humtoka kwa shida. Kwa kawaida mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4. Mwenye ini bovu huanzishiwa dozi ndogo, pengine na kwa nafasi ndefu zaidi, kwa kuwa ini ndilo linaloivunja dawa. Kwa hiyo msipunguze wala kuongeza wenyewe. Mwambieni daktari wa Hospitali ya Maweni, au wa hospitali nyingine iliyomwandikia dawa, kwamba baba anataka awe macho wakati wa swala, aone namna ya kuipanga. Ombeni na dawa ya kulainisha choo, kwani kwa mgonjwa wa ini choo kikikwama huchangia kuchanganyikiwa. Tena mwiteni imamu azungumze na shangazi. Neno lake litamwingia kuliko langu.

Zamzam mpeni, ila si kwa kikombe. Anayekaribia kukata roho hupoteza nguvu ya kumeza, na maji ya kulazimishwa huingia mapafuni. Chovya pamba safi, ikamue, mpanguse midomo na ulimi. Dawa za mitishamba za kunywa hapana. Kama amevaa hirizi mkononi, msimvue, labda mkono ukivimba ikambana.

Kulaza: kwa sisi wa Kigoma kibla ni kaskazini, imepinda kidogo mashariki. Kichwa kiwe mashariki, miguu upande wa ziwa, alale ubavu wa kulia. Kulala ubavu husaidia pia koo likianza kukoroma kwa makohozi, sauti inayowatisha ndugu kuliko inavyomsumbua mgonjwa. Tumbo likiwa limejaa maji akashindwa kupumua, mlaze chali, miguu kibla, kichwa kiinuliwe kwa mito. Hiyo ni rukhsa inayojulikana.

Shahada isomwe taratibu sikioni na Mwislamu mwenzake. Asiamrishwe “sema!” Akishaitamka, mwacheni, isipokuwa akizungumza neno jingine baadaye. Wewe huna haja ya kuisoma wala kutoka chumbani. Mshike mkono, mtaje “baba” kabla ya kumgeuza hata akionekana hasikii.

Na kaka? Mchungaji aje kama baba atakubali, amjulie hali. Kumwombea aokoke akiwa hawezi tena kujibu ni kumfanyia mtu jambo asiloweza kulikataa. Mimi nikiwa zamu ya kuuguza wagonjwa siruhusu, na mimi ni Mkristo. Kaka aombe sebuleni, au kanisani kwake, kadiri apendavyo.