Usingizi wa nusu kaputi, na fumbo ambalo halijaisha

SWALI: Shikamoo Bibi. Mwanangu anasoma sayansi chuoni na amenishinda kwa hoja. Kila nikisema kuna mambo yanayotuzidi, ananijibu kwamba fumbo halipo, yapo tu mambo ambayo hayajachunguzwa, na kwamba wanaopenda mafumbo ni wavivu wa kusoma au matapeli. Mimi utapeli siupendi. Lakini dunia anayonieleza naiona kavu. Je, fumbo bado lina nafasi zama hizi, au nikubali nimepitwa na wakati?
Mama wa Mwanafunzi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya kustaafu na kuanza kujibu barua, nilikuwa mtaalamu wa nusu kaputi. Nilikaa upande wa kichwa cha mgonjwa, nikamlaza, nikamlinda, kisha nikamwamsha. Nitamjibu kijana wako kutoka hapo, maana sijapata kufika mahali pa kisasa kuliko chumba cha upasuaji.

Etha, dawa ambayo mvuke wake hulaza mtu, ilionyeshwa hadharani mjini Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, daktari wa meno William Morton alipomvutisha mgonjwa mwenye uvimbe shingoni. Leo tunajua kukadiria dozi kwa uzito wa mwili. Tunajua propofoli, dawa ya nusu kaputi ya siku hizi, inajishika wapi kwenye chembe za neva na kuzituliza. Lakini ni nini hasa kinachozimika, hata mtu aliyekuwa akinisimulia habari za wajukuu zake akatike katikati ya neno, na akiamka adhani ndiyo kwanza amefumba macho? Hapo wataalamu wanabishana mpaka sasa. Zenoni, gesi isiyotaka kuungana na kitu karibu chochote, nayo inalaza mtu. Katika karne ya 19 Mfaransa Claude Bernard aliufukiza kifauongo kwa etha, mmea ukaacha kufumba majani ulipoguswa. Etha ilipoisha, ukarudia tabia yake. Mmea, jamani! Nililisoma hilo nikiwa zamu ya usiku, nikacheka peke yangu.

Kijana atasema tusubiri, itajulikana. Huenda. Mwaka 1998 mtafiti wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 alama iliyo wazi ya fahamu itakuwa imepatikana katika ubongo. Mwaka 2023, mjini New York, Koch alikubali kushindwa na akalipa dau lake kwa divai. Nampenda kwa hilo. Lakini miaka yote hiyo hakukaa kitako akisema jambo hili limetuzidi. Alipima, na yeye na wenzake wamegundua mengi. Fumbo halikupungua, limeonekana sura yake vizuri zaidi.

Mwanafalsafa Gabriel Marcel wa Ufaransa alilipanga hivi: tatizo liko mbele yangu, naweza kulizunguka na kulitatua, lakini fumbo, mimi mwenyewe nimo ndani yake. Anayechunguza fahamu anaichunguza kwa fahamu hiyohiyo, hana pa kusimama nje. Ndivyo ilivyo hata kwa huyo uliyemzaa. Unajua uzito wake wa kwanza, magonjwa yake, hasira zake, na bado ndani yake kuna chumba ambacho hujawahi kuingia wala hutaingia. Hakuna maabara inayongojewa kwa hilo.

Kwa hiyo usilinde fumbo kwa kulificha kwenye mapengo ya elimu. Mapengo huzibwa, na kila mwaka utajikuta unarudi nyuma hatua moja. Mwombe akueleze lile analolijua vizuri kuliko yote, na umsikilize mpaka mwisho. Ukavu unaouona, nadhani, unatoka kwenye haraka ya ubishi wenu. Sayansi nimeishi nayo, haijanikausha.

Kuhusu matapeli, ana haki kabisa. Akitokea mtu anayesema jambo hili halichunguziki, kisha ufunguo anao yeye na una bei, ondoka. Na hao hawavai majoho tu. Wengine huvaa makoti meupe. Nimefanya kazi na daktari ambaye kila jamaa wa mgonjwa akimuuliza kilichoharibika, alijibu kwamba mwili una maajabu yake. Alikuwa hataki kuulizwa, basi.

SWALI: Bibi, mimi ni fundi wa kompyuta. Programu za akili mnemba zinatoa majibu ambayo hata waliozitengeneza hawawezi kueleza zimeyafikiaje. Hilo nalo tuliite fumbo?
Fundi

JIBU: Mimi siliiti. Ndani ya programu hizo mna namba, pengine mabilioni, na kila moja inaweza kufunguliwa ikasomwa. Kinachokosekana ni njia ya kuzielewa zikiwa pamoja, na wapo watafiti wanaoitafuta. Hilo ni tatizo, gumu kwelikweli, lakini liko mbele yetu. Neno fumbo likitumika hapo litawafaa wauzaji kuliko watumiaji. Kama programu ndiyo inayoamua nani apewe mkopo, aliyenyimwa anastahili kupewa sababu, na wa kuulizwa ni yule aliyeiweka hapo.