Maana ya Neno la Kiingereza Isimshinde Mtoto Kuliko Neno Lenyewe

Dada mmoja wa Mbeya ameniandikia kwamba mwanawe wa darasa la nne hukariri maneno ya Kiingereza kila jioni, na kukicha yote yamepotea. Anauliza amnunulie kamusi gani.

Dada yangu, hali hiyo naijua. Mwalimu wetu shuleni alinakili ubaoni maana kutoka kamusi ya watu wazima. Borrow ilielezwa kwa neno intention, na intention hakuna aliyelijua, lakini fimbo tulikula. Nikafika kidato cha kwanza, masomo yakageuka Kiingereza, nikawa wa kukaa nyuma kimya. Naumia hadi leo, maana akili nilikuwa nayo.

Aliyenitoa huko ni shangazi. Alichukua kalamu yangu akasema, "I borrow your pen." Akanipa yake: "I lend you my pen." Basi, nikaelewa! Sisi husema kuazima kwa anayetoa na anayepokea, ndiyo maana watoto wetu huchanganya. Ukimwandikia mtoto "azima" mara mbili hujamsaidia. Mwambie: to borrow is to take a thing and give it back later. Maneno hayo mengi anayo tayari. Arm na hand nazo, kwetu zote mkono: mguse toka begani hadi kwenye kifundo, kisha mshike kiganja.

Michael West, Mwingereza aliyefundisha Bengal, katika India ya enzi hizo, aliliona hili zamani. Mwaka 1935 yeye na James Endicott walitoa kamusi ya wanafunzi iliyoeleza maneno yake yote kwa maneno 1,490 tu. Kwa hiyo ukiwa dukani fungua ukurasa wowote; maelezo yakimshinda mtoto, irudishe kamusi rafuni.

Leo nafundisha tuisheni, na najivunia binti aliyekuja hasomi hata sentensi. Sasa ndiye anayewaelekeza wenzake.

Wazazi wenzangu, tunalipa ada kubwa halafu jioni hatukai na watoto. Kaeni nao! Maneno matano yaliyoeleweka yanazidi hamsini ya kukariri. Kila neno alitungie sentensi yake mwenyewe, ya vitu vya nyumbani: ndoo, kuku, bibi yake. Akikosea matamshi msimcheke, hata kaka zake wasimcheke. Litamkeni sawasawa, aendelee na sentensi yake.